Plagi ya Kitengela na ruhusa ya ughaibuni

Haya wasomaji, leo nina ugomvi.

Spika za mezani zina tabia mbaya: ukizima kompyuta, zenyewe hubaki macho. Kitaa kinawaka, transfoma ina joto, tokeni zinayoyoma. Zangu hapa Kitengela hula wati 5 zikiwa kimya. Zikikaa hivyo saa 16 kwa siku, ni karibu yuniti 29 kwa mwaka. Plagi janja ya kuzikatia stima nayo hula yapata wati 1 mchana na usiku, kwa hiyo ondoa yuniti 9. Zinabaki 20. Si utajiri, lakini ni zako.

Wazo ni zuri. Ninachokataa ni namna tunavyouziwa. Unanunua plagi, unaambiwa upakue programu ya simu, ufungue akaunti, utoe namba yako, uiruhusu ijue ulipo. Kisha amri ya kuwasha inatoka mezani, inavuka bahari hadi kwenye seva ya watu usiowajua, ndipo irudi kwenye soketi iliyo hatua mbili kutoka kitini pako. Jamani!

Kuna jamaa yangu Kajiado mjini anayetegemea bando za simu. Bando zikiisha usiku, plagi haimsikii. Ananunua bando ili azime spika ili aokoe stima. Hebu piga hesabu hiyo.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ya Kenya ikazorota. Soketi ya sebuleni inahusu nini na waya wa baharini? Na kampuni ikichoka je? Aprili 2022 seva za Insteon huko Marekani zilizimwa bila notisi. Mwaka 2025 Belkin nayo ikatangaza kwamba vifaa vyake vingi vya Wemo vitaachwa kuhudumiwa mwisho wa Januari 2026.

Utaniambia njia yao ni rahisi. Yangu je? Tafuta plagi iliyokwisha kuwekwa Tasmota, programu huria ya chipu za ESP8266 na ESP32 (usianze kufungua kitu cha volti 240 kama hujui). Ipe anwani isiyobadilika kwenye rauta. Kompyuta ikiwaka, itume hii:

curl "http://192.168.1.50/cm?cmnd=Power%20On"

Ikizimwa, itume hiyo hiyo yenye Off. Kwenye Linux ni huduma moja ya systemd: ExecStart, ExecStop, Type=oneshot na RemainAfterExit=yes. Ongeza Wants= na After=network-online.target, ili wakati wa kuzima amri itoke kabla mtandao haujafungwa. Tena spika zikitangulia kuzimika, husikii ule mlio wa "pu!"

Ukienda dukani, kabla hujalipa, mwambie muuzaji achomoe waya wa intaneti kwenye rauta yake, kisha awashe hiyo plagi.