Kabla ya Kununua Bastola ya Kulinda Mauzo, Jifunze Kubadili Magazini

Leo naacha mbolea na chanjo kidogo. Kila msimu wa mauzo napata swali lile lile kutoka kwenu mnaokuja Mchikichini na Kariakoo kufunga belo za mitumba au kuuza mazao: "Afisa, natembea na fedha nyingi, si bora nitafute bastola?"

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na kumiliki silaha bila leseni ni kosa. Hilo mnalijua. Mimi nataka tuangalie mahali ambapo bastola inatumiwa kwa nidhamu, kwenye klabu za mchezo wa shabaha kwa vitendo. Mchezo huu una shirikisho la kimataifa, IPSC, lililoanzishwa Marekani mwaka 1976. Hapa jirani unachezwa Kenya, ambako wamiliki wa silaha wana uwanja wao Kirigiti, Kiambu.

Kila kituo cha mashindano hupangwa tofauti: shabaha za karatasi, mabamba ya chuma, kuta za mbao, milango. Kituo kifupi hakizidi risasi 12, cha kati 24, kirefu 32. Mchezaji hutembea au kukimbia, na alama zake hugawanywa kwa sekunde alizotumia.

Tupige hesabu ya kidukani. Kituo kina risasi 12, kila moja ikipiga katikati ni alama 5, jumla 60. Juma anapiga zote vizuri kwa sekunde 12: anapata 5. Hamisi ana haraka, anamaliza kwa sekunde 10, lakini risasi moja inakosa shabaha na kupiga ile ya adhabu, inayosimama badala ya mtu asiyehusika. Anabaki na alama 55 za risasi 11, anakatwa 10 za kukosa na 10 za adhabu. Zinabaki 35, gawanya kwa 10, anapata 3.5. Risasi moja tu imemwangusha.

Maoni yangu kwa wanaopanga vituo ni haya: msipange ili watazamaji wapige makofi. Pangeni kama tunavyopanga matuta shambani, kwamba maji yakija yafuate njia salama yenyewe.

1. Kila shabaha iwe na tuta la udongo nyuma yake, pia kwa mchezaji mfupi na kwa yule atakayesimama pembeni kuliko ulivyotarajia. Mabamba ya chuma yasipigwe kwa umbali wa chini ya mita 7, kwa sababu vipande hurudi.

2. Fikiria atabadilia wapi magazini. Mwenye magazini za risasi 15 kwenye kituo cha risasi 32 lazima abadili mara 2. Anayetumia mkono wa kulia akikimbia kuelekea kushoto huku akibadili, mdomo wa bastola hupenda kugeukia nyuma, waliko watu. Wa mkono wa kushoto hupata shida hiyo akienda kulia. Basi weka njia inayompeleka mbele, au ukuta unaomlazimu asimame kwanza.

3. Shabaha za adhabu ziwepo kila kituo. Mchezaji asiyezoea kuacha kupiga hajajifunza kitu.

Kubadili magazini ndipo utakapomjua mwenye silaha. Macho na mkono mmoja vinatafuta magazini nyingine, moyo unadunda, saa inakimbia. Kanuni zinadai mambo mawili wakati huo: kidole kiwe nje kabisa ya kifyatulio, na mdomo ubaki kuelekea kwenye tuta. Risasi ikitoka kwa bahati mbaya wakati wa kubadili, unaondolewa kwenye mashindano yote siku hiyo, hata kama hakuna aliyeguswa. Naiunga mkono adhabu hiyo bila huruma. Msimamizi anayesema "msamehe, ni mgeni" anamfundisha mgeni vibaya.

Sasa rudi sokoni. Simama kwenye vichochoro vya Mchikichini saa nne asubuhi, belo zinafunguliwa, mama lishe anapita na sinia, wabeba mizigo wanapiga kelele upishe njia. Tuta la udongo liko wapi? Halipo. Nyuma ya kila mwizi kuna mteja, na nyuma ya mteja kuna mtoto. Mpanga kituo yeyote makini angekataa kuweka shabaha hata moja pale. Mbona wewe unataka kuingia pale na risasi za kweli?

Kuna watakaonikumbusha Westgate, Nairobi, Septemba 21, 2013, ambapo raia wenye leseni, akiwamo mfanyabiashara Abdul Haji, waliingia kuokoa watu. Ushujaa ule nauheshimu. Lakini wale waliingia kuokoa maisha yaliyokuwa yanapotea. Bulungutu la noti halifanani na hilo. Fedha hutafutwa tena.

Ushauri wangu:

• Usisafiri na fedha zote. Weka benki au kwenye simu, toa kiasi cha belo unayonunua siku hiyo.

• Njooni wawili watatu, na msitangaze kiasi kwenye basi wala kwenye mgahawa.

• Ambaye tayari ana leseni, atafute mafunzo chini ya msimamizi kabla ya kutembea na silaha, na arudie mara kwa mara. Aanze kwa kubadili magazini polepole, bila risasi, bila saa. Kasi itakuja yenyewe.

• Kama huna muda wa mazoezi hayo, usiombe leseni. Bastola isiyofanyiwa mazoezi inaishia mikononi mwa mwizi au kwa mtoto nyumbani.

Haraka haraka haina baraka, na kwenye bastola haina hata marekebisho. Uza kwa faida, urudi nyumbani salama, tuonane shambani. Kazi njema.