Mkono Usilaumiwe Peke Yake

Nimechoka kuwasikia mafundi wa kompyuta wakisema kwamba anayefuta programu za mfumo kwa bahati mbaya ni mzembe, basi, habari imekwisha. Mzembe wa namna hiyo nimewahi kuwa mimi. Usiku mmoja, nikiwa na mamlaka yote ya mtumiaji mkuu, root, nilikusudia kufuta saraka yangu ya /bin/zamani. Nikaandika rm -rf /bin /zamani. Nafasi moja tu! Mashine haikuuliza kitu. Nilipoita ls nione kilichobaki, nikajibiwa kuwa haipo. cp haipo, mv haipo. Programu inayopokea amri ilikuwa bado hai ndani ya kumbukumbu, na kwa echo * niliweza kuyasoma majina ya mafaili yaliyosalia. Niliyatazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua naye hana hata ndoo.

Wataniambia mwenye mamlaka anajua afanyalo. Ndivyo Unix ilivyolelewa tangu ilipozaliwa Bell Labs mwaka 1969: root akisema, mashine hutii. Haya, na watunga programu wenyewe? Mwaka 2011 kisakinishi cha Bumblebee, programu ya Linux ya kadi za picha, kilitolewa kikiwa na nafasi isiyotakiwa baada ya /usr. Waliokiendesha walifutiwa /usr yote, ambamo programu nyingi za mfumo hukaa. Hao walizembea wapi?

Kweli, tangu 2006 rm ya GNU hukataa kufuta mzizi, yaani /, isipolazimishwa. Lakini kinga hiyo haiwafai watu wa /usr, wala anayeandika /*, maana nyota hiyo hugeuzwa kuwa orodha ya saraka moja moja kabla rm haijaiona. Kuna pia chattr +i, inayolifunga faili hata root asilifute mpaka alifungue kwanza. Nayo imeachiwa wenye kukumbuka.

Apple mwaka 2015 waliamua vingine: katika El Capitan, root mwenyewe hana ruhusa ya kufuta /bin, na anayetaka kuiondoa kinga hiyo lazima aiwashe kompyuta upya kwa njia ya pekee. Wapo wanaolia kwamba wamenyang'anywa mashine zao. Wamenyang'anywa nini? Mlango upo, ila una kitasa.

Mimi usiku ule niliondoka kazini saa kumi alfajiri, baada ya kuiwasha mashine kwa diski ya dharura na kuirudishia /bin yake. Asubuhi nikaitwa mzembe mbele ya wenzangu wote, na mashine ikarudishwa kazini vilevile ilivyokuwa, bila kufungwa faili hata moja.