Anayefaidi bonde achangie kulitunza

Kila kiangazi, wakulima wa Karagwe na Kyerwa hushuka mabondeni. Mashamba ya mlimani yakikauka, nyanya na kabichi hustawi kandokando ya mafunjo na kuuzwa gulioni bei ikiwa nzuri. Hata hivyo, mafunjo hayo hayo huchomwa moto na kuchimbiwa mifereji. Bonde likikauka, bata maji huhama, samaki hupungua na mkulima hubaki na udongo uliopasuka.

Swali ni nani agharimie utunzaji wa bonde. Marekani jibu lilitoka kwa wawindaji wa bata. Baada ya ukame na ukaushaji wa mabwawa kwa ajili ya kilimo kuwapunguza ndege hao, sheria ya mwaka 1934 ilimtaka kila mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anunue stempu ya dola 1. Sasa inauzwa dola 25, na senti 98 za kila dola hununua au kukodi ardhi oevu. Zaidi ya ekari milioni 6 zimehifadhiwa. Wawindaji walijua kuwa bila maji hakuna bata, na waliona fedha yao inakokwenda.

Karagwe na Kyerwa hazihitaji kuiga bunduki. Mapori ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa hifadhi za taifa mwaka 2019 na humo uwindaji ni marufuku. Nje ya hifadhi, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai leseni. Cha kuiga ni utaratibu wa anayefaidi kuchangia.

Vijiji vina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikiidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mwenye bustani, mvuvi, mfyatua tofali na mkata mafunjo wachangie kiasi kidogo kila msimu. Fedha hiyo iweke alama za mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka, na ilipe walinzi wa moto.

Wakulima wamechoshwa na ushuru, na wana haki ya kulalamika. Kwa hiyo mchango huo ubaki kijijini, uwe na akaunti yake, na hesabu zisomwe kwenye mkutano mkuu. Ukimezwa na matumizi mengine, utakuwa kodi nyingine tu. Ukirudi bondeni, ni mtaji wa kiangazi kijacho.