Kumbe Ojwang' Hakuwa Mjaluo!

Ndugu msomaji, niruhusu nianze kwa kuungama. Katika tamasha la Chama chetu mwaka jana niliigiza askari wa lango. Nilivaa koti refu, nikashika rungu, kisha nikaongea Kiswahili ambacho kila penye "b" nilitia "p" na kila penye "g" nilitia "k". Gari likawa "kari", baba akawa "papa". Ukumbi ulilipuka! Hata mwalimu wa zamu alitoa leso akafuta machozi. Nami nikajiona msanii kwelikweli, bwana.

Jumatatu yake msichana mmoja wa darasa letu, mzaliwa wa Bungoma, aliitwa asome shairi mbele yetu. Alisimama, akalitazama lile shairi, akaketi. Muhula ule wote hakuinua mkono tena katika kipindi cha Kiswahili. Ameniruhusu niandike haya mradi jina lake nisilitaje.

Wenzangu waliniambia nisijisumbue. Kwani kushrabu kumeanza leo? Wazazi wetu walikua wakimcheka Mzee Ojwang' Hatari katika Vitimbi. Lafudhi ya Mzee ilikuwa ya Kijaluo tupu, ilhali mwenyewe, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Mama yangu aliyajua hayo siku Mzee alipofariki, Julai 2015, na mpaka leo hajapona mshangao. Basi ikiwa Mkikuyu aliweza kuwa Mjaluo miaka yote hiyo na taifa zima likampenda, kosa langu mimi liko wapi?

Swali hilo lilinikwamisha kweli. Likizo ya Agosti nikaketi kutazama upya vipindi vya zamani, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Ojwang' hachekeshi kwa kuwa ni Mjaluo. Anachekesha kwa kuwa ni mbishi, mwenye majivuno, na hataki kushindwa na mkewe, Mama Kayai, mbele ya watu. Mwondolee lafudhi, bado mzee yupo pale pale anabisha.

Tena mtazame Papa Shirandula wa runinga ya Citizen. Marehemu Charles Bukeko, aliyetuacha Julai 2020, aliigiza mlinzi Mluhya, kazi ile ile niliyoijaribu mimi. Lakini Shirandula ana siri: nyumbani amejifanya mtu wa ofisi, mkewe hajui kwamba yeye ni mlinzi. Kicheko chote kimo katika ile hofu ya kufumaniwa na sare mwilini. Sisi wa Kawangware na Kangemi tunawajua wazee wa namna hiyo. Wengine tunakula nao chakula cha jioni. Askari wangu hakuwa na mke, wala siri, wala hata jina. Alikuwa na "p" tu.

Sasa nivuke bahari kidogo. Matatu za kwenda Westlands hupita pale Uhuru Highway inapokutana na University Way, na kwenye kona ile, si mbali na studio za KBC, kuna sinagogi ya Wayahudi. Aghalabu tunaipita bila kugeuza shingo. Siku moja foleni ilitukwamisha pale, nikajiuliza watu hawa nao huchekesha vipi. Katika kusoma nikamkuta Sid Caesar, mwana wa wahamiaji wa Kiyahudi huko Marekani. Baba yake alikuwa na mkahawa mjini Yonkers, na kijana, akihudumu mezani, alinasa milio ya lugha za wateja wa kila taifa. Kuanzia 1950 hadi 1954, katika kipindi cha Your Show of Shows, aliongea "Kijerumani" na "Kifaransa" kisicho na maana yoyote, watu wakavunjika mbavu. Kwa hiyo kuiga mlio wa mwenzio si dhambi.

Ila kuna upande wa pili. Mzaha wa Myahudi bahili, ukisemwa na Myahudi mezani kwake, ni mzaha wa nyumbani. Mzaha huo huo ulichorwa mara nyingi katika Der Stürmer, gazeti la Wanazi, na tunajua Wayahudi wa Ulaya walifanywa nini baadaye.

Na sisi tusijifanye wageni wa mambo hayo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mama, ambaye "r" na "l" kwake ni kitu kimoja (nasi nyumbani humcheka, naye hucheka zaidi yetu), anasema siku hizo alipanda matatu akiwa kimya, akampa makanga nauli kamili asije akalazimika kudai chenji. Aliogopa mdomo wake mwenyewe.

Sisemi lafudhi zipigwe marufuku jukwaani. La hasha! Tutabaki na nini, taarifa ya habari? Nasema tuchague wa kumwiga. Vijana wa Redykyulass, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walimwiga Rais Moi angali Ikulu, kwa sauti yake na mikono yake. Hiyo ilitaka moyo. Mmoja wao, John Kiarie, alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, kwa hiyo sasa naye ni wa kuigwa. Mimi nilimchagua bawabu, mtu ambaye hangeweza kunifanya lolote.

Mwaka huu Chama kinaandaa kesi kwa mtindo wa Vioja Mahakamani. Nilimwendea msichana yule, nikamwomba radhi, kisha nikamwomba awe hakimu, aongee vile anavyoongea kwao. Alinyamaza kitambo. Akasema atafikiria, ila kwanza nimpelekee mistari ya mshtakiwa aikague.

Mshtakiwa ni mimi.