Karafuu Iliyochumwa Bado Ina Uhai



Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba yangu, alisema kwamba karafuu ikishatoka mtini imekwisha kufa, basi kulala guniani usiku mmoja au miwili haidhuru kitu. Watu wakacheka, nami nikanyamaza kwa adabu. Lakini kazi ya katibu si kuandika mahudhurio tu, kwa hiyo leo naomba ruhusa nimjibu. (Na hata ingekuwa imekufa, sisi maiti hatumcheleweshi.)

Karafuu mbichi iliyomo pakachani ni hai kama ilivyokuwa juu ya mkarafuu. Ndani ya kila seli yake mna vinu vidogo mno, ambavyo hadubini ya kawaida haivioni. Vinu hivyo ni vimeng'enya, na kazi yake ni kutengeneza ATP, yaani ile nguvu ambayo seli huitumia katika shughuli zake zote. Mwajua habari za kinu cha kushindikia mafuta kinachozungushwa na ngamia. Ngamia wa kinu hiki ni protoni, chembe ya haidrojeni yenye chaji ya umeme. Protoni husukumwa zikasongamana upande mmoja wa utando, na njia yao ya kurudi ni kupita kinuni. Zikipita, kinu huzunguka, na kila mzunguko mzima hutoa ATP 3. Katika majani ya spinachi, mzunguko huo hupitisha protoni 14.

Mwingereza Peter Mitchell alipotoa wazo hili mwaka 1961, wataalamu wengi hawakumsadiki. Mwaka 1966 André Jagendorf na Ernest Uribe, huko Marekani, walichukua chembe za kijani za spinachi, wakazilowesha katika maji yenye uchachu, kisha kwa ghafla wakayageuza maji yakawa kama ya magadi. ATP ikapatikana, na hayo yote gizani. Ikadhihirika kwamba mwangaza kazi yake ni kusukuma protoni. Kinachozungusha kinu ni kurejea kwao. Mitchell akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Na mwaka 1997 wataalamu wa Japani walikifungia kinu kimoja cha bakteria uzi mdogo unaong'aa, wakauona kwa hadubini yao ukizunguka.

Sasa turudi kwenye gunia. Karafuu iliyochumwa haipati tena chakula kutoka mtini. Yaunguza sukari iliyokuwa nayo, kwa oksijeni ya hewani, ili protoni zisukumwe na vinu visisimame. Lakini si nguvu yote iingiayo kinuni. Sehemu kubwa hutoka ikawa joto. Juu ya jamvi joto hilo huondoka na upepo. Ndani ya gunia lililoshindiliwa halina pa kwenda. Mwenye shaka na atie mkono alfajiri katikati ya gunia lililolala. Kisha oksijeni hupungua, protoni hazisukumwi tena, vinu husimama, na karafuu huanza kuchacha. Ukungu na vijidudu nao hupata karamu yao. Ukija kuianika, hukauka ikiwa imesinyaa na kupauka, na mizanini daraja hushuka. Hapo twamlaumu mpimaji, na kosa tulilifanya wenyewe usiku.

Udhuru naujua. Wachumaji hurudi magharibi, shamba ni mbali, na mwenye kukodi gari angependa lije mara moja tu, magunia yakijaa. Wachambuaji nao wamechoka. Simwambii mtu aanike usiku. Naomba karafuu zimwagwe siku ileile, zitandazwe nyembamba barazani, zichambuliwe makonyo usiku uleule, na asubuhi zitoke juani. Mvua ikinyesha zigeuzwe mara kwa mara chini ya paa, wala zisirudishwe guniani.

Shida kubwa ni majamvi, maana mwenye mikarafuu michache hana ya kutosha siku karafuu zinapomjia nyingi. Kwa hiyo mkutano ujao nitaleta shauri kwamba chama kinunue majamvi ya kuazimana wakati wa msimu, na mzee wangu huyo ndiye nitakayemwomba aliunge mkono.