Shujaa Naye Huumwa Rohoni

Korona ilipoingia nchini Kenya mnamo Machi 2020, wauguzi na madaktari walivikwa jina tukufu: mashujaa. Muuguzi aliyevuka kwa feri kurejea kwake Likoni alibeba sifa hiyo pamoja na hofu ya kuwaambukiza wanawe. Disemba mwaka huohuo akafariki Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa korona. Wenzake walimlilia, kisha wakagoma.

Hoja yangu ni kwamba neno "shujaa", pamoja na uzuri wake, liliwaziba vinywa. Shujaa halii. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, hutoa huduma za afya ya akili. Lakini mitaani anayezifuata huitwa mwendawazimu. Muuguzi gani angethubutu kuonekana mlangoni?

Hapa ndipo penye wajibu wetu, wanafunzi wa Kiswahili. Tunayo maneno yenye stara, "sonona" na "msongo wa mawazo". Tusiyafungie kamusini, tuyapeleke Likoni, Kisauni na Changamwe hadi yazoeleke. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Hatuna budi kumpa mgonjwa lugha ya kuyafichua.