Sabuni Iliyo Ndani ya Dawa ya Magugu



Sisi wa gengi la reli twaambiwa dawa ya magugu ni kama maji. Si kweli! Maji matupu huteleza juu ya nta ya jani, kama mvua juu ya jani la nduma. Ndiyo maana dawa ya glaifoseti hutiwa kitu cha namna ya sabuni, ili tone litandae, lishike, lipenye. Vema, magugu yafa. Lakini sabuni ile huwasha macho na ngozi. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulikataza moja, iitwayo POEA, isichanganywe na glaifoseti. Nasi twabebeshwa pampu mikono mitupu, na nyapara akiulizwa hucheka. Twataka jina la kila kilichomo, na glavu kabla pampu haijajazwa.